Ramani ya mawazo au kiunzi: jinsi ya kutumia programu zote mbili kwenye kazi moja

Ukifungua programu ya ramani ya mawazo, inakuwekea nodi moja, yaani kisanduku cha kuandikia wazo, katikati ya skrini na kukuachia uwanja mtupu pande zote. Ukifungua programu ya kiunzi, inakuwekea nukta moja juu kushoto, na njia iliyobaki ni ya kushuka tu. Ya kwanza haikuulizi kipi kitangulie. Ya pili inakuuliza swali hilo tangu neno la kwanza, upende usipende.

Nasema "kiunzi" kwa maana ile ya mafundi wa majahazi: mifupa ya chombo kabla hakijapigiliwa mbao. Katika maandishi ni orodha ya vichwa, na chini ya kila kichwa vichwa vidogo vilivyosogezwa ndani. Walimu wengi huita kitu hiki muhtasari, lakini muhtasari kwangu ni kufupisha kilichokwisha kuandikwa. Kiunzi huja kabla.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye jambo la kuandika: tasnifu, ripoti, hotuba, kipindi cha redio. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, makala ya maneno 2,000 hivi kuhusu karafuu za Zanzibar, kwa sababu ni mada iliyojaa mambo yanayovutana na ndiyo iliyonifundisha tofauti ya zana hizi.

Kabla ya hatua: ni mti uleule

Programu hizi mbili huuzwa kama mahasimu, lakini ndani ya faili zake utakuta kitu kimoja: mti. Kuna shina, kuna matawi, na kila tawi lina mzazi mmoja tu. Tarehe 9 Desemba 1968 huko San Francisco, mhandisi wa Marekani Douglas Engelbart alionyesha mbele ya ukumbi orodha ya vitu vya kununua iliyopangwa kwa makundi kwenye kompyuta, akawa anaikunja na kuikunjua, yaani kuficha na kuonyesha vilivyo chini ya kila kundi. Kisha akaonyesha shughuli zilezile kwa mchoro wa njia ya kutoka kazini hadi nyumbani, wenye vituo vya kusimama. Yaani siku hiyohiyo watu walipoona kiunzi cha kompyuta, waliona pia kwamba kinaweza kuvaa sura ya picha. Mwaka 1986 Dave Winer alitoa programu ya Macintosh iitwayo MORE, ambayo iligeuza kiunzi kuwa mchoro wa mti kwa amri moja. Jina la "ramani ya mawazo" lenyewe lilienezwa na Mwingereza Tony Buzan kupitia kipindi cha BBC mwaka 1974, naye alikuwa akizungumzia karatasi na kalamu za rangi.

Kwa hiyo tofauti haiko kwenye kile kinachohifadhiwa. Iko kwenye mambo mawili. La kwanza ni mfuatano: kiunzi kinaulazimisha, ramani inauficha. La pili ni kamba za kukatiza: kwenye ramani unaweza kuchora mstari kutoka tawi la kushoto hadi tawi la kulia, na kwenye kiunzi huna pa kuuchora. Mengine yote, rangi, vikatuni, maumbo ya mawingu, ni mapambo.

Hatua ya 1: Jiulize kazi itaishia wapi

Makala husomwa kwa mstari. Hotuba husikika kwa mstari. Tasnifu ina sura ya kwanza hadi ya tano. Kazi ya namna hii lazima ipite kwenye kiunzi, hata kama ulianza na ramani nzuri namna gani.

Kuna kazi ambazo haziwi mstari kamwe: kudurusu topiki ya baiolojia kabla ya mtihani, kikao cha kutafuta mawazo ya mradi, kuelewa ukoo wenye ndoa nyingi. Hizo ramani inaweza kuwa mwanzo na mwisho wake. Na kuna kazi zisizohitaji chochote kati ya viwili hivi. Bajeti ya kamati ya harusi, tafadhali, iweke kwenye Excel.

Hatua ya 2: Chagua programu ndani ya saa moja

Nimeona watu wanatumia wiki nzima kulinganisha programu kumi na mbili, na mwisho hawaandiki kitu. Saa moja inatosha.

Kwa ramani, mimi hutumia Freeplane. Ni ya bure kabisa, inafanya kazi bila intaneti, haili bando, na inakubali kompyuta kuukuu. Ilichipuka kutoka programu nyingine ya bure iitwayo FreeMind, na zote mbili huhifadhi faili za aina ya .mm. Sura yake si ya kuvutia, nakiri. XMind ni nzuri zaidi kwa macho, lakini vitu vyake vingi ni vya kulipia. MindMeister inaendeshwa ndani ya kivinjari na inafaa kwa watu wanaochora pamoja wakiwa miji tofauti, ila mpango wake wa bure unakupa ramani chache tu.

Kwa kiunzi, huenda tayari unacho na hujui. Microsoft Word ina mwonekano wa kiunzi kwenye menyu ya View, jina lake Outline. LibreOffice Writer ina kidirisha kiitwacho Navigator, unakifungua kwa kitufe cha F5, na ndani yake unaweza kuhamisha sura nzima pamoja na maandishi yake. Anayetaka programu ya kiunzi peke yake ajaribu Workflowy, ambayo iko pia kwenye simu, ingawa mpango wa bure una ukomo wa vipengele vipya kwa mwezi. Watu wa kompyuta hasa wana Org mode, iliyoanzishwa mwaka 2003 na mwanafalaki Carsten Dominik ndani ya Emacs, programu ya kuhariri maandishi. Ina nguvu za ajabu, lakini kama hujawahi kutumia Emacs, wiki ya kuwasilisha kazi si wiki ya kuanza.

Hatua ya 3: Dakika ishirini za ramani

Andika mada katikati: "Karafuu". Sasa mwaga. Kwenye Freeplane kitufe cha Tab kinazaa nodi ya mtoto, Enter inazaa ndugu yake, na hivyo viwili vinakutosha kwa dakika ishirini bila kugusa kipanya.

Yangu ilitoka hivi, kwa mpangilio wa hovyo: Visiwa vya Maluku. Seyyid Said. Mashamba. Watumwa. Pemba. Dhoruba 1872. Wachumaji. Msimu. Kuanika. Makonyo. Kiwanda cha Wawi. ZSTC. Bei. Magendo. Indonesia. Sigara za karafuu. 1964. 1897. Mafuta. Ubao wa mikarafuu iliyokufa. Bibi yangu na dawa ya meno.

Sharti langu ni moja tu kwenye hatua hii: neno moja hadi manne kwa nodi. Ukianza kuandika sentensi ndani ya nodi, umeanza makala, na utaanza kujihakiki. Rangi usiguse. Na usifute kitu. Bibi na dawa ya meno abaki alipo kwa sasa.

Dakika ishirini zikiisha, panga nodi kwa kuziburuta chini ya matawi makubwa manne au matano. Mimi nilipata Historia, Kazi, Biashara, Shambani, na Matumizi. Mpango huu ni wa kawaida mno, na mtu yeyote angeupata. Laiti ningeanza na kiunzi, ningeishia hapa na kuandika makala yenye sehemu tano ambayo hakuna mtu angeimaliza.

Hatua ya 4: Chora kamba za kukatiza

Hapa ndipo ramani inapolipa gharama yake, kwa hiyo usiharakishe.

Chukua nodi moja moja na ujiulize inavuta nini kwenye matawi mengine. Nilipofika kwenye "Dhoruba 1872" nilikwama. Nilikuwa nimeiweka chini ya Historia. Lakini dhoruba ile iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama, na ndiyo moja ya sababu karafuu leo ni habari ya Pemba zaidi kuliko Unguja. Kwa hiyo ina mkono kwenye Shambani. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Mwenye shamba wa Unguja aliyetaka kupanda upya alihitaji mikono mingi wakati uleule ambapo mikono hiyo ilizuiwa kuingia. Kwa hiyo ina mkono kwenye Kazi. Na miti ikipungua, karafuu sokoni hupungua, bei hupanda. Kwa hiyo ina mkono kwenye Biashara.

Nodi moja, matawi manne. Kwenye kiunzi ningelazimika kuchagua inakaa wapi, na kuchagua siku ya kwanza, kabla sijajua makala yangu inahusu nini. Kwenye ramani niliiacha palepale nikachora mistari mitatu. Freeplane inaruhusu: chagua nodi mbili, tafuta kwenye menyu amri ya kuziunganisha, mshale unatokea.

Baada ya kuzipitia nodi zote, tazama ipi imepigwa mistari mingi. Kwangu mimi nilitegemea awe Seyyid Said, kwa kuwa ndiye anayetajwa shuleni. Ikawa dhoruba. Ya pili ikawa "Indonesia", kwa sababu Waindonesia ndio walionunua karafuu nyingi za Zanzibar kwa ajili ya sigara zao zenye karafuu, kisha wakapanda za kutosha wenyewe, na bei ya Zanzibar ikaanguka miaka ya 1980. Hapo nikaona makala: zao moja, vipigo viwili, kimoja cha upepo na kimoja cha soko, na Pemba katikati ya vyote.

Tahadhari. Kamba nazo zina ulevi wake. Kila kitu kinahusiana na kila kitu ukitaka, na ramani yenye mistari thelathini ni uzi wa paka. Kanuni ninayotumia ni kwamba kila mstari lazima uwe na kitenzi unachoweza kukitamka: dhoruba *iliangusha*, mkataba *ulizuia*, Indonesia *iliacha kununua*. Ukijikuta unasema "vinahusiana tu", futa mstari huo. Kwenye mada nyingi zitabaki kamba tano au sita, na hizo ndizo aya zako nzito.

Hatua ya 5: Funga ramani, sema mfuatano kwa mdomo

Kuna mwaka niliandaa ramani yenye nodi mia moja na arobaini. Rangi saba. Vijibendera kwenye mambo ya haraka. Niliionyesha kwa wenzangu, wakasifu. Ijumaa mhariri akaomba maandishi, nikagundua sina hata aya moja, na mbaya zaidi, sikujua aya ya kwanza ingekuwa ipi. Ramani ilikuwa imenipa hisia ya kazi iliyofanyika. Kumbe nilikuwa nimekwepa swali moja tu kwa siku nne: kipi kitangulie?

Ndiyo maana hatua hii ni ya lazima na haina programu. Funga laptopu. Tafuta mtu, ndugu, jirani, hata dereva wa daladala foleni ikiwa ndefu, umwambie makala yako kwa dakika mbili. Sikiliza viungo unavyotumia kati ya jambo na jambo. Ukisikia "kwa hiyo", "lakini", "ndipo", mfuatano upo. Ukisikia "halafu pia", "na kitu kingine", "vilevile", bado una lundo.

Yangu ilitoka hivi: "Watu husema Zanzibar ni ya karafuu, *lakini* karafuu ni za Pemba. Hazikuwa hivyo mwanzo. Mashamba makubwa yalikuwa Unguja, yakilimwa na watumwa. *Ndipo* 1872 dhoruba ikaja. *Kwa hiyo* Pemba ikabeba zao. *Lakini* aliyekuwa ananunua zaidi alikuwa Indonesia, ambako karafuu zenyewe zilitoka..." Msikilizaji wangu aliniuliza, "Sasa Mpemba anauza kwa nani?" Swali hilo likawa sehemu ya mwisho, juu ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na juu ya magendo. Ramani isingeniuliza.

Rudi kwenye ramani uandike namba mbele ya matawi na nodi kulingana na ulivyosema. Utaona baadhi ya nodi hazikupata namba. Hiyo ni habari njema.

Hatua ya 6: Hamisha

Kwenye Freeplane chagua nodi ya shina, nakili, nenda kwenye Notepad, bandika. Matawi yatatokea kama mistari ya maandishi, kila kitawi kikiwa kimesogezwa ndani kulingana na ngazi yake. Napendekeza Notepad kwanza kwa sababu ukibandika moja kwa moja kwenye Word, huja na fonti na ukubwa wa herufi usiotakiwa.

Ukiwa unatumia Workflowy, nakili kutoka Notepad ubandike, nayo itaelewa ngazi yenyewe. Word haielewi. Itakubidi ufungue mwonekano wa Outline na kupanga ngazi kwa mkono: weka kishale kwenye mstari, bonyeza Alt na Shift pamoja, kisha mshale wa kulia kuushusha ngazi au wa kushoto kuupandisha. Kwa mistari arobaini ni kazi ya dakika kumi, na kwa kweli siichukii, kwani inanilazimisha kusoma kila mstari mara ya pili. Programu nyingi za viunzi na baadhi za ramani hubadilishana faili za OPML, aina iliyobuniwa mwaka 2000 kwa kazi hii hasa. Kama programu zako mbili zinaikubali, tumia hiyo na uruke Notepad.

Ujue kitakachopotea njiani. Ngazi zitavuka, maneno yatavuka. Kamba za kukatiza hazitavuka, kwa kuwa kiunzi hakina pa kuzishika. Kabla ya kuhamisha, ziandike kwa mkono kama sentensi kamili chini ya nodi inayohusika: "Dhoruba iliangusha miti ya Unguja wakati ambapo mkataba wa 1873 ulikuwa karibu kuzuia mikono ya kupanda upya." Mara nyingi sentensi hizi huingia kwenye makala bila kubadilishwa neno.

Njia ya kinyume nayo ipo: ukiwa na orodha yenye ngazi kwenye Notepad, zilizosogezwa kwa Tab, inakili na uibandike juu ya nodi ya Freeplane, itachanua yenyewe kuwa matawi. Nitaihitaji kwenye hatua ya 8.

Hatua ya 7: Geuza vichwa kuwa sentensi

Kwenye ramani tulikataza sentensi. Kwenye kiunzi sasa tunazidai. "Dhoruba 1872" hakisemi kitu. Ni lebo ya kopo. "Dhoruba ya 1872 iliihamishia Pemba uzito wa zao" kinasema, na kinaweza kupingwa, na aya zilizo chini yake zinajua kazi yake ni kukithibitisha.

Kiunzi changu cha ngazi ya kwanza kilikuwa hivi:

Karafuu zinazoitwa za Zanzibar ni za Pemba.
Mwanzo mashamba makubwa yalikuwa Unguja na yalisimama juu ya utumwa.
Dhoruba ya 1872 na mkataba wa 1873 vilibadilisha hesabu hiyo.
Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, naye akajitosheleza.
Leo Mpemba ana mnunuzi mmoja halali, na bahari ina njia nyingi.

Kunja kila kitu kibaki hicho tu. Kwenye Word, Outline ina sehemu ya kuchagua uonyeshwe ngazi ngapi. Chagua ya 1. Isome kwa sauti. Kama inasomeka kama aya moja yenye mantiki, kazi ngumu imekwisha. Kama inasomeka kama orodha ya sokoni, rudi hatua ya 5. Kukunja huku ndiko kunakonifanya niseme kiunzi kina thamani kuliko ramani kwa mtu anayeandika kazi ndefu. Ramani nayo inakunjika, lakini iliyokunjwa inakuonyesha majina ya matawi. Kiunzi kilichokunjwa kinakuonyesha hoja.

Kuhamisha sehemu ni rahisi: Alt na Shift na mshale wa juu au chini, na kila kilicho chini ya kichwa hicho kinasafiri nacho ikiwa umekikunja. Nilihamisha sehemu ya Indonesia mara tatu. Jaribio kama hilo kwenye ramani halina maana, kwani nodi ukiivuta kutoka kulia kwenda kushoto macho hayajui kama umebadilisha hoja au umebadilisha mapambo.

Mwisho wa kiunzi weka kichwa kiitwacho "Mabaki". Humo ingiza zile nodi zilizokosa namba. Bibi na dawa ya meno alikaa humo siku mbili, kisha akapanda hadi aya ya kwanza kabisa, kwa sababu kila msomaji amewahi kuwekewa karafuu kwenye jino. Makonyo na Kiwanda cha Wawi, ambako vikonyo hukamuliwa mafuta, vilibaki chini. Ni habari nzuri, lakini ni makala nyingine.

Hatua ya 8: Rudi kwenye ramani kwa kipande tu

Ukiwa katikati ya kuandika, sehemu moja itavimba. Utaona kichwa kimoja kina watoto tisa au kumi na hawapangiki. Usirudi kwenye ramani kubwa, imekufa, iache. Nakili tawi hilo tu, libandike kwenye ramani mpya, rudia hatua ya 3 hadi ya 5 kwa dakika kumi, kisha lirudishe. Mimi nilifanya hivyo kwa sehemu ya ZSTC na magendo, nikagundua nilikuwa nimechanganya maswali mawili: nani anapanga bei, na nani anabeba hasara bei ikishuka.

Mambo ya pembeni yanayoamua zaidi kuliko programu

Kwenye kikao chenye projekta, ramani inashinda bila ubishi. Watu huona wazo lao likichomoza kwenye tawi na huchangia zaidi. Kiunzi kwenye ukuta huonekana kama kumbukumbu za kikao kilichokwisha.

Kwenye WhatsApp ni kinyume. Kiunzi unakituma kama maandishi, mtu anakisoma kwenye simu ndogo, anajibu mstari kwa mstari. Ramani inabidi iwe picha, na picha ya nodi sitini kwenye kioo cha simu ni madoa. Hali kadhalika uchapishaji: ramani kubwa kwenye karatasi ya A4 haisomeki, na stationeri nyingi hazina A3.

Kwa msimamizi wa tasnifu, peleka kiunzi hata kama ulifikiri kwa ramani. Yeye anataka kujua sura ya tatu itasema nini.

Jambo moja linasahaulika sana: mwenzako asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini, anaweza kupita kwenye kiunzi kichwa baada ya kichwa bila taabu. Ramani kwake mara nyingi ni ukuta. Kama kundi lenu lina mtu huyo, anzeni na kiunzi, na kamba za kukatiza ziandikwe kama sentensi tangu mwanzo.

Na kama huna kompyuta kabisa, chora ramani kwenye karatasi na uandike kiunzi kwenye simu. Huo ndio mgawanyo mzuri kuliko kuhangaika na ramani kwa kidole kwenye kioo cha inchi sita.

Kuhifadhi

Hifadhi faili tatu kwa kila kazi: ya ramani, ya Word au LibreOffice, na ile ya Notepad uliyopitia kwenye hatua ya 6. Zipe jina moja lenye tarehe, mfano karafuu-12-03. Faili ya .mm ni maandishi ndani yake, kwa hiyo hata programu ikikosekana unaweza kuifungua kwa Notepad na kuokoa maneno, ukivumilia alama nyingi zilizoyazunguka. Faili za XMind zimebanwa kama zip na zinahitaji kufunguliwa kwanza. Ile ya Notepad haihitaji chochote. Juzi nilihitaji mpango wa kazi ya zamani nikiwa kwenye kompyuta ya kuazima isiyo na Freeplane wala Word ya maana, na faili iliyofunguka, ikiwa na ngazi zake zote, ilikuwa hiyo.